Ndege wa Kando ya Ziwa: Kitwitwi Wameanza Kurudi

Mwezi huu nimepokea barua nyingi kuhusu ndege wa ziwa letu la Victoria. Najibu nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenikaa moyoni.

*Mwalimu, hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nakuru. Binti yangu wa kwanza anasoma Uskoti, na juzi alinipigia simu akiwa kisiwa kinachoitwa Fair Isle. Anasema miti ni kama haipo, na upepo wa huko unataka kukuvua koti. Alikwenda kutazama ndege. Kwao huu ni mwisho wa majira ya joto na ndege wameanza safari ya kuja Afrika. Akaniambia, "Mama, wewe ndiye uliye huko wanakokuja, na hujawahi kuwatazama." Neno hilo limenichoma. Nataka kuwachukua wadogo zake twende kisiwa cha Rusinga mwezi huu wa Agosti shule zikifungwa. Je, tutawaona ndege wale wale anaowaona dada yao? Na tufanyeje tusirudi mikono mitupu?*
*Mama wa Nakuru*

Sijambo, mama, na pole kwa kukaa mbali na mwana. Binti yako amesema kweli. Wengi wetu hungoja Desemba ndipo tuulize habari za ndege wageni, na Desemba wageni wameshazoea hata vichochoro. Mlango hufunguka mwishoni mwa Julai, na Agosti ndiyo raha yenyewe, maana unamkuta mgeni siku ile ile anatua.

Ndege wale wale? Kwa sehemu kubwa, hapana. Kitwitwi, yule ndege mdogo wa kando ya maji, anayezaa kwenye mito ya Uskoti hushuka Afrika Magharibi, pande za Senegal na Guinea-Bissau. Wetu hutoka mashariki zaidi, Ulaya ya mashariki na Urusi. Hata yule ndege mdogo wa kijani-manjano, Phylloscopus trochilus kwa jina la kisayansi, ambaye uzito wake ni gramu 10 hivi, wa Uingereza huenda magharibi mwa Afrika, na anayekuja kuimba kwenye mikakaya ya Nakuru ametoka Skandinavia ya kaskazini, Urusi, au hata Siberia. Huyo usimtafute Agosti, huja Septemba na Oktoba. Ila Fair Isle ina jambo lake: upepo wa mashariki ukivuma, hutupwa pale ndege wa Skandinavia waliokuwa na njia yao nyingine kabisa. Mwambie binti yako siku upepo ukitoka mashariki aamke mapema. Huenda akamwona mmoja aliyekuwa akielekea kwako.

Haya yamejulikana kwa pete. Pale Fair Isle pana kituo cha ndege tangu 1948. Hapo ndege hunaswa, huvalishwa pete nyepesi yenye nambari, huachiliwa. Kwetu kazi hiyo imefanywa Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969: usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, ndege wanaosafiri gizani huvutwa na taa, na asubuhi huvalishwa pete. Pete za Ngulia zimeonekana tena Urusi, Kazakhstan na Saudi Arabia. Mimi nikisoma habari ya namna hiyo huweka karatasi chini kwanza, nikatazama nje.

Sasa Rusinga. Kutoka Nakuru pitieni Kericho na Sondu hadi Homa Bay, kisha Mbita, na daraja litawavusha kisiwani. Mkipita Kisumu, kuna feri ya Luanda Kotieno. Nilizaliwa upande wa magharibi wa kisiwa, unaotazama Mfangano, na pale ndipo nitawapeleka kwa maneno.

Fikeni ufukweni kabla ya saa moja asubuhi. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ndiyo sababu wavuvi wa omena huondoka jioni na taa zao. Alfajiri maji hutulia. Ikifika alasiri upepo umegeuka, unatoka ziwani kwa nguvu, mawimbi yanapiga mawe na darubini haitulii mkononi. Kumbuka na hili, nililijifunza kwa kukosea miaka mingi: ndege aliyetua hukabili upepo. Upepo ukikupiga kisogoni, ndege wote watakuonyesha kifua, na vifua vya hawa wageni vinafanana. Jiweke upepo ukupige ubavuni, jua likiwa nyuma yako, utasoma mgongo, bawa na mkia.

Msizunguke. Chagueni jiwe moja, mkae saa nzima. Watoto watanung'unika dakika kumi za kwanza.

Yule atakayekuja mbele yenu ni kitwitwi. Ni mdogo, gramu 50 hivi, chini ya yai la kuku. Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na weupe huo hupanda mbele ya bawa kama mkanda wa begi la shule unaopita begani. Nyuma yake haitulii, juu chini, juu chini, hata anapokula. Akiruka hainui mabawa juu. Huyainamisha, hupiga mapigo mafupi ya haraka, huteleza, karibu aguse maji, huku akipiga mbinja nyembamba ya tswii-wii-wii. Akija mwingine mwenye madoadoa mengi mgongoni na weupe juu ya mkia, huyo si kitwitwi wetu, ni jamaa yake wa matope. Waacheni watoto wabishane.

Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, jiwe ambalo nimekalia tangu nikiwa msichana lilizama, na ufukwe wote wa mchanga ukazama nalo. Agosti ile nilikwenda nikiwa na hofu. Nilisema moyoni, huyu akija atakanyaga wapi? Nilimkuta juu ya tumbo la mtumbwi uliopinduliwa, umefungwa kwenye nguzo ya ua la jirani ambalo sasa lilikuwa ndani ya maji. Alikuwa anautembea mtumbwi ule kutoka tezi hadi omo, anadonoa wadudu kwenye nyufa za mbao, anatikisa mkia. Nililia, mama, sioni haya kusema. Wakubwa ndio hutangulia kuondoka kaskazini. Watoto wao huondoka baadaye, bila mkubwa wa kuwaonyesha njia, na hufika. Septemba ukiona kitwitwi ambaye manyoya ya bawa lake yana pindo zenye mistari ya rangi ya mchanga, ni mtoto wa mwaka huu, na hiyo ni mara yake ya kwanza kuiona Afrika.

Juu ya maji angalieni buabua wenye mabawa meupe. Kwao, kwenye mabwawa ya Ulaya ya mashariki na Asia ya kati, huwa weusi kifuani na kichwani. Wakifika kwetu Agosti wako katikati ya kubadilisha manyoya, wana mabaka meusi na meupe kama ukuta uliopakwa chokaa nusu. Mkiona nguzo ya moshi juu ya ziwa na hakuna moto, hao ni mainzi ya ziwa, na buabua watakuwa ndani yake, baadaye mwezi wa Septemba pamoja na mbayuwayu. Shakwe wa kichwa cha kijivu msimhesabu kuwa mgeni, yeye ni mwenyeji kama mimi.

Watoto wasiingie majini kuwafuata ndege, maji ya kando yana kichocho. Na njia za nyasi ndefu alfajiri ni za kiboko kabla hazijawa zenu. Mkipanda boti kwenda kwenye kile kisiwa kidogo cha mawe wanakolala mnandi, wale ndege wapiga mbizi, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na mwenye boti asitie nanga karibu. Mnandi wakiruka wote kwa hofu, mayai na makinda hubaki juani.

*Mwalimu, mimi ni mvuvi hapa Mbita. Nakusoma lakini leo nakupinga. Mnandi na mdiria wanatumalizia omena, na zile tunazoanika zinaliwa na yangeyange. Unataka tuwapende kwa lipi?*
*Mvuvi wa Mbita*

Ndugu yangu, sitakuambia hawali omena. Wanakula. Ila waulize wazee walikuwa wanakula nini zamani. Mdiria wa ziwa hili aliishi kwa fulu, samaki wadogo wa asili ya ziwa. Mbuta, yule samaki mkubwa mla wenzake, akaletwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 fulu walikuwa wameanguka vibaya sana, aina nyingi hazikuonekana tena. Mdiria na mnandi wakageukia omena kwa sababu ndiyo iliyobaki. Nyinyi pia mligeukia omena wakati huo huo. Mnakaa meza moja.

Marehemu baba yangu alivua miaka mingi, na alikuwa akitoka nje asubuhi anatazama kwanza buabua wanapigia mbizi wapi, ndipo anaamua. Kwa omena za kuanika, jengeni vichanja vilivyoinuka, mtandaze wavu kuukuu juu. Omena ya kichanjani haishiki mchanga, na bei yake unaijua kuliko mimi. Ombi langu ni moja, nakuomba kwa heshima: wavu uliochakaa usiuache majini wala mchangani. Mwaka jana nilimtoa mdiria kwenye uzi wa nailoni, umemzunguka bawa mara nne. Nilikata uzi kwa wembe, shingo yake ikidunda kwenye kidole changu. Alikuwa hai. Wawili waliokuwa kando yake hawakuwa.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma Maseno. Ninunue darubini ya namna gani? Nimeona ya 20x50 kwa bei nafuu.*
*Mwanafunzi*

Marahaba, mwanangu. Hiyo iache. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, na ukikuza mara 20 unakuza pia mtetemo wa mkono wako, sembuse kwenye upepo wa ziwa. Tafuta 8x42, hata iliyotumika. Itazame kwa jicho moja moja dukani, kisha kwa yote mawili, na kama picha ni mbili badala ya moja, irudishe. Ukiwa bado unaweka akiba, nenda Dunga, Kisumu, bila darubini. Kaa ukingoni mwa mafunjo utulie, utasikia ndege mmoja mwenye mgongo mweusi, tumbo jekundu na utosi wa manjano, akiitana na mwenzake ndani ya mafunjo. Anaishi kwenye mafunjo na si kwingine, kwa hiyo watu wakiyachoma ndiyo mwisho wa nyumba yake. Huyo ni mkaazi, yuko mwaka mzima.

*Mwalimu, nimeokota buabua amekufa ufukweni Kendu Bay. Mguuni ana kibati chenye nambari na neno MOSKWA. Nikitupe?*
*Msomaji wa Kendu Bay*

Usikitupe! Nimesoma barua yako nimesimama. Hiyo ni pete, na ndege wako alivalishwa na watu wa Urusi. Itoe polepole, inyooshe, andika nambari zote pamoja na herufi, kisha ipige picha. Andika tarehe uliyomwokota, jina la ufuo, na kama alikuwa amekufa kitambo au bado mbichi. Peleka habari hizo kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Wao hupokea pete za nje na kuwapasha walioziweka. Siku nyingine ukikuta ndege aliye hai mwenye pete, soma nambari tu umwachie, pete ibaki mguuni.

Nami nitumie nakala ya nambari hiyo kupitia gazeti. Jibu la Moskwa likifika, nitalichapisha hapa, alivalishwa wapi na akiwa na umri gani, ili mama wa Nakuru amsomee binti yake kwenye simu.