Picha za ukumbini zina mistari: je, sensa imekufa?

SWALI: Tangu nihamie kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), picha zangu za harusi za ukumbini zinatoka na mistari ya giza iliyolala, mingine ya zambarau. Za nje ni safi. Fundi anasema sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, imekufa, ibadilishwe. Mwenzangu anasema nipige RAW tu, yaani faili ghafi ya kamera, mistari nitaifuta kwenye kompyuta. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja. Sensa iliyokufa haichagui ukumbi. Mstari wake hukaa palepale katika kila picha, juani na gizani. Linganisha picha zako mbili zilizofuatana, utakuta mistari imehama.

Naona umewasha shata ya kimya, ile inayonasa picha kwa umeme tu, bila mapazia yaliyo mbele ya sensa kufunguka na kufungwa. Wengi huiwasha siku ya kwanza na hawaizimi tena, kwa kuwa haina mlio na haichakazi mapazia. Tatizo ni kwamba sensa husomwa safu baada ya safu, kama unavyosoma ukurasa huu, na katika kamera nyingi za kawaida usomaji huo huchukua kama 1/15 hadi 1/60 ya sekunde, hata ukiwa umeweka kasi ya 1/1000. Muda huohuo taa zinapepesa. Kwenye umeme wa hezi 50 taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwenye hezi 60 mara 120. Jicho halioni, sensa inaona. Safu zilizosomwa taa ikiwa imefifia hutoka na giza, na taa za LED za rangi, ambazo kila rangi huwaka na kuzimika kivyake, ndizo zinazokuletea zambarau.

Rudi kwenye shata ya mapazia, weka 1/100 au 1/50 kama umeme ni wa hezi 50, au 1/125 au 1/60 kama ni wa hezi 60. Kamera ikiwa na kipengele cha kuzuia mpepeso, kiwashe. Taa za LED zilizopunguzwa mwanga ni kaidi zaidi, hupepesa kwa kasi zao wenyewe. Hizo utazijaribia kabla wageni hawajaingia.

Sasa hiyo RAW. Sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba RAW ni dawa ya kila ugonjwa. Faili ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG, ile faili ya kawaida ya picha, ina 256, kwa hiyo ni kweli inakupa nafasi kubwa ya kurekebisha. Lakini inarekebisha kilichonaswa. Uso wa bibi harusi ukiwa na paji lililonaswa taa ikiwa kileleni na kidevu kilichonaswa ikiwa chini, hayo ni mapigo mawili ya mwanga ndani ya picha moja, na utayasawazisha kwa mkono, mstari kwa mstari, picha kwa picha. Na kwa kuwa baadhi ya kamera hizi hupiga hata fremu 20 kwa sekunde bila kelele, una picha mamia za namna hiyo. Mkono wa mchezaji uliopindishwa na usomaji huo wa polepole ndio kabisa, hakuna kitelezi kwenye kompyuta cha kuunyoosha. Wauza vichujio vya "bofya mara moja" hawakuambii hilo.

Utaambiwa pia mbona wakubwa wanapiga kimya. Wana kamera nyingine. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina kabisa shata ya mapazia, lakini sensa yake husomwa kwa takriban 1/270 ya sekunde. Sony α9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, husoma sensa nzima kwa mpigo mmoja. Jina la kipengele kwenye menyu ni lilelile, kilicho ndani ni tofauti, na mtu anayekushauri bila kukuuliza una kamera gani anakubahatishia.

Kwa mafundi, naomba kila mwenye kamera ashike hili: kufungua kamera na kugusa sensa kunaweza kuleta vumbi, mikwaruzo au fokasi iliyohama, hata kama mwanzo haikuwa na kasoro. Kabla hujalipa, piga ukuta mweupe nje, mchana, mara mbili, kwa shata ya mapazia. Mwambie fundi akuonyeshe mstari uliokaa mahali pamoja katika picha zote mbili. Asipouona, chukua kamera yako uondoke.