Maswali na Majibu: Vifaru Vingi, Dizeli Hakuna

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa maskani yetu tuna ubishi uliotushinda kuumaliza. Mwaka 2022 Urusi iliingia Ukraine na vifaru na malori yasiyohesabika, watu wakasema Kyiv, mji mkuu, haimalizi wiki. Kisha ule msafara mrefu ukakwama barabarani, mwisho ukarudi ulikotoka. Mwenzangu mmoja ashikilia ni woga wa askari. Mwengine asema ni silaha za Wazungu. Wewe uliyefanya kazi mabohari ya bandari ya Kilindini, waonaje?
Utingo wa malori, Changamwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Silaha walizopewa Waukraine zilifanya kazi, hilo sina ubishi nalo. Lakini neno woga liondoeni kwenye maskani yenu. Kijana aliyeachwa kwenye baridi kali bila mafuta wala chakula, na aliyemtuma hajui yuko wapi, huyo hakushindwa na moyo wake.

Wewe ni utingo, basi tuongee kwa lita na kilomita. Kifaru cha T-72 kina matangi ya ndani ya takriban lita 1,200, na kwenye barabara nzuri humaliza karibu kilomita 500. Yaani hapa Mombasa mpaka Nairobi, kimekauka. Hapo hakijaingia matopeni, wala hakijakesha kikinguruma ili waliomo wasigande. Vifaru 30 vyataka lita 36,000 kujazwa mara moja tu, na hiyo ni tela nzima kama zile unazoziona zikitoka Shimanzi. Lori la mafuta la jeshi ni dogo kuliko tela hiyo. Haya, ongeza malori ya risasi, ya chakula, ya maji na ya vipuri, na yote hayo nayo yanywa dizeli.

Jeshi la Urusi limezoea kubebewa mzigo na reli. Reli ikiishia, kazi yote huangukia malori, na kila kilomita ya kusogea mbele huongeza safari ya kwenda na kurudi. Kaskazini ya Kyiv miji yenye njia za reli, kama Chernihiv, haikutekwa. Theluji ilikuwa yaanza kuyeyuka, mashamba yamekuwa tope, kwa hiyo kila gari likabaki juu ya lami. Waukraine nao wakavunja madaraja, wakafungulia bwawa na mto Irpin ukafurika. Picha za setilaiti zikaonyesha msafara wa kama kilomita 64, sawa na kutoka hapa mpaka Kilifi. Nawe wajua fika lori moja likifa kwenye njia nyembamba kinachotokea nyuma yake.

Lakini hayo ni matokeo. Kosa lenyewe lilifanyika mezani, kabla injini ya kwanza haijawashwa. Vita vilipangwa kuwa vya siku chache. Askari wengi waliambiwa wanaenda mazoezini. Siku ya kwanza, 24 Februari, helikopta zilishusha watu uwanja wa ndege wa Hostomel, karibu na Kyiv, ili ndege kubwa zitue na jeshi zaidi. Mizinga ya Ukraine ikauharibu uwanja na ndege hazikutua. Wakati huohuo wakaingia kutoka kaskazini, mashariki na kusini kwa mpigo, kila upande ukidai malori yaleyale. Aliyepanga vita vya siku chache hakupakia chakula cha wiki tano, na ndiyo maana dunia iliona askari wakiingia madukani kujitafutia cha kula. Kufikia mwanzo wa Aprili walikuwa wameondoka eneo lote la Kyiv.

Utaniuliza, hakuna aliyemwambia mkubwa? Hapo nitasema nilichokiona kwa macho yangu, bila kutaja mahali. Bohari moja niliwahi kuingia, daftari lasema matairi yapo, yamehesabiwa, yametiwa sahihi. Ukienda kwenye rafu wakuta vumbi na kamba ya kufungia. Aliyetia sahihi aliogopa kumpelekea bosi habari mbaya, bosi naye akaogopa wa juu yake. Katika biashara hasara ni pesa. Vitani kamanda husoma daftari lile, akawatuma watoto wa watu, na lori huzima katikati ya njia ya adui. Jambo hili hunikera mpaka leo, kwa sababu laweza kuzuiwa na karani mmoja mkweli na mkubwa mmoja anayekubali kuusikia ukweli.

Wala tusiwacheke wenzetu. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, mvua za vuli zikawapokea na magari yakazama kwenye tope. Kismayu ilikuja kuingiwa mwisho wa Septemba 2012, na safari hiyo wengine walipitia baharini.

SWALI: Assalaam aleikum mzee wetu. Mimi ni mwalimu wa historia. Kila nikiwapeleka wanafunzi kwenye sanamu za askari pale Jomo Kenyatta Avenue huniuliza vipi Waingereza wapatao 8,000 walishindwa Tanga mwaka 1914 na watu kama 1,000. Nikiwajibu ni nyuki, wanacheka. Wana haki ya kucheka?
Mwalimu, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Nyuki walikuwapo kweli na waliwauma watu. Ila vita vile vilikuwa vimeharibika kabla nyuki hawajatoka mzingani.

Wanajeshi wale, wengi wao Wahindi, waliletwa kwa meli kutoka Bombay, wakakaa baharini wiki kadhaa wakiumwa na mawimbi. Walipofika Tanga tarehe 2 Novemba, manowari Fox ilitangulia kuingia bandarini na kapteni wake akawaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana yamekwisha. Hebu fikiria: umebeba jeshi zima kwa siri, kisha unapiga hodi! Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapakia watu wake kwenye treni huko Moshi na kuwateremsha Tanga. Waingereza walishuka taratibu, kwenye mikoko na vichaka wasivyovijua, shambulio kubwa likaja tarehe 4. Siku iliyofuata walikuwa warudi melini, wameacha ufukweni bunduki, bombomu na mamia ya maelfu ya risasi. Meli zikaja hapa Mombasa. Na risasi zile Wajerumani walizitumia kuendeleza vita.

Kwa mtu wa bandari kama mimi kuna kisa chengine kinachouma zaidi, nacho ni cha Gallipoli, huko Uturuki, 1915. Manowari za Waingereza na Wafaransa zilishindwa kupenya mlango wa bahari wa Uturuki tarehe 18 Machi, ikaamuliwa jeshi lishuke nchi kavu. Meli zilikuwa tayari zimejaa, lakini zimejazwa ovyo: mizinga huku, makombora yake kule. Mwalimu, kupakia meli ya vita si kujaza nafasi tu. Utakachokitaka kwanza ufukweni hupakiwa mwisho, kikae juu, karibu na mdomo wa ngama, yaani tumbo la meli, mkono wa winchi ukifikie. Maji, risasi na dawa havilazwi chini ya mahema na magunia ya shayiri ya farasi. Basi meli zikapelekwa Alexandria zipakuliwe na kupakiwa upya. Jeshi lilishuka tarehe 25 Aprili. Wiki zile zote Waturuki walikuwa wachimba mahandaki na kuleta mizinga. Mwezi Januari 1916 wa mwisho wa jeshi lile lililoshuka waliondoka huko mikono mitupu.

Na wanafunzi wako wakiwa mbele ya sanamu zile, waambie kuhusu wapagazi. Baada ya Tanga vita viliendelea mpaka Novemba 1918, mbung'o wakaua ng'ombe na farasi, mzigo ukabaki kichwani mwa binadamu. Chukua mtu mwenye mzigo wa kilo 25 anayekula kama kilo moja kwa siku: akienda siku kumi na kurudi kumi, amekula karibu mzigo wote. Ndiyo ikabidi wachukuliwe watu wengi mno, wengi kwa nguvu. Unga wa mahindi waliopewa ulisagwa vibaya, ukawaharibu matumbo. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi zaidi sana waliuawa na maradhi kuliko risasi. Hilo nalo ni kosa la kupanga, na walioligharimia ni babu zetu. Naomba lifundishwe hivyo, kwa jina lake.

SWALI: Mzee, siku hizi kuna droni. Bado mambo ya malori na mabohari yana maana?
Msomaji, Likoni

JIBU: Yana maana zaidi, mama. Droni yamwona dereva tangu yuko mbali, kwa hiyo lori lililokuwa salama kilomita kumi nyuma leo halina usalama. Zamani kidogo Warusi walirundika makombora karibu na reli, mirundo mikubwa kwa wingi mahali pamoja. Ukraine ilipopata HIMARS, mitambo ya Kimarekani ya kurushia roketi, katikati ya 2022, zenye kufika kama kilomita 80, mabohari yale yakalipuliwa moja baada ya jengine. Ikabidi yahamishwe mbali, na malori yakaongezewa safari.

Wewe wa Likoni, unayevuka kwa feri, utalielewa hili la Kherson upesi kuliko mimi. Jeshi la Urusi lilikuwa limeushika mji huo ulioko ukingo wa kulia wa mto Dnipro, na lilitegemea madaraja machache. Kuanzia Julai daraja la Antonivka lilipigwa na kupigwa tena mpaka halikubeba malori mazito. Ikabaki feri na majahazi ya chuma, nayo yakawa yalengwa kila siku. Maelfu ya askari, na kila risasi, kila mkate, kila majeruhi lazima avushwe maji. Hawakutolewa mjini kwa mapigano ya nyumba kwa nyumba. Tarehe 9 Novemba walitangaza kuondoka, na kufikia tarehe 11 walikuwa ng'ambo ya pili.