Mafaili ya seva: tunayagawana, tunayashiriki au tunafunguliwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Makorora, Tanga. Nina vijana watatu ninaowafundisha kazi, nikaona niwaandikie maelekezo kwa Kiswahili: jinsi ya kusanidi keneli ya Linux, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, ili mashine moja iwe seva ya NFS na nyingine za ofisini zisome mafaili kutoka kwake. Niliandika: "Washa msaada wa kugawana mafaili." Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu, alisoma akacheka, akasema faili likigawanywa halibaki faili. Kijana mmoja anataka niandike "kushea" yaishe. Mwingine anasema "kushirikisha". Nani yuko sawa? Na ile kazi ya kumaunti folda, yaani kuifanya folda ya seva ionekane kwenye mashine nyingine, niiiteje?

JIBU: Marahaba, fundi. Nisalimie mzee, maana yeye ndiye aliye sawa.

Nenda pale Deep Sea vyombo vikirudi alfajiri. Samaki wanamwagwa chini, yanapangwa mafungu: la chombo, la nahodha, ya mabaharia. Kila mtu anaondoka na lake, na fungu la mmoja likinenepa ujue la mwenzake limekonda. Huko ndiko kugawana. Sasa tazama seva yako. Faili ni moja, limelala kwenye diski ya mashine moja. Mashine kumi zikilisoma kwa wakati mmoja halipungui hata herufi. Na mwenye ruhusa akilifuta, wote mmelikosa. Hakuna aliyeondoka na fungu. Kijana akisoma "kugawana" atadhani kila mashine inabaki na nakala yake, na siku seva ikizimika atashangaa mafaili yamekwenda wapi.

"Kushirikisha" ni neno zuri lililotumwa kazi isiyo yake. Anayeshirikishwa ni mtu: nimemshirikisha kaka yangu jambo hili. Ukiandika "shirikisha faili", sarufi inasema faili ndilo lililoalikwa kwenye shughuli, nami nitauliza shughuli gani. "Washirikishe wenzako faili hili" ni sahihi kabisa, ila ni refu kwa maelekezo ya ufundi. Simu nazo zimetuzoesha "shiriki picha hii", kana kwamba picha ni maziko. Nimeshindwa vita hivyo, lakini sijavisahau.

Kuna "kuchangia" pia, ambalo hukulitaja. Ukipanga chumba Ngamiani utaulizwa kama unataka choo cha ndani au cha kuchangia, na maana hapo ni ileile unayoitafuta: kitu kimoja, watumiaji wengi, hakuna anayekibeba. Ningelichukua neno hili kwa mikono miwili, ila ukimwambia mtu "changia faili" ataingiza mkono mfukoni akidhani ni mchango wa arusi.

"Kushea" sina ugomvi nalo barazani. Kasoro yake katika maelekezo yako ni kwamba halitofautishi anayetoa na anayepokea, na keneli inawatofautisha kabisa. Ukiendesha amri ya make menuconfig, inayofungua menyu ya kusanidi keneli, ukaingia kwenye mifumo ya mafaili, kisha mifumo ya mafaili ya mtandao, utakuta mambo mawili yamewekwa mbalimbali. Moja, CONFIG_NFS_FS, ni la mashine inayokwenda kuchukua. La pili, CONFIG_NFSD, ni la mashine inayotoa. Mtu anaweza kuwasha la kwanza akaacha la pili, na mashine nyingi za ofisini ndivyo zilivyo. Ukisema "washa kushea", kijana atawasha lipi?

Na hapa nikuulize swali langu. Nani alikuambia lazima kiwepo kitenzi? NFS ilipotoka Sun Microsystems mwaka 1984, waliobuni waliiita, kwa maneno yetu, Mfumo wa Mafaili wa Mtandao. Humo hamna kugawana wala kushea. Hata menyu ya keneli haina neno hilo mahali pale. Imetaja seva ya NFS na mteja wa NFS tu. Kushea ni maelezo ya watu wa pembeni, nasi tukayakimbilia kuyatafsiri kana kwamba ndiyo jina. Andika "Seva ya NFS" na "Mteja wa NFS", basi. (Wingi wake ni wateja. Ukiandika mateja, hapa mjini utaeleweka vibaya sana.)

Neno lililonisumbua zaidi katika sentensi yako, kusema kweli, si kugawana. Ni "msaada". Najua limetoka kwenye "support" ya Kiingereza, lakini Mswahili akisikia "msaada wa seva" anatazamia lori la unga. Menyu inachosema ni kwamba keneli itakuwa na uwezo wa kufanya kazi fulani. Basi sema uwezo: "Washa uwezo wa seva ya NFS." Vivyo hivyo kwa toleo la 4 la NFS, lenye chaguo lake, CONFIG_NFSD_V4: "Washa uwezo wa toleo la 4."

Zile herufi tatu za kujibia, y, m na n, usizitafsiri; mwanafunzi atazibonyeza hivyohivyo. Zieleze tu. Ya kwanza inakiingiza kitu ndani ya keneli yenyewe, ya mwisho inakiacha nje. Ya katikati inakitengeneza kama moduli, kipande kinachokaa kando mpaka kiitwe. Kwa moduli tumia "chomeka" na "chomoa", maneno ambayo kila mwenye plagi ukutani anayajua. Keneli nayo wengine huiita kiini, kama kiini cha yai. Nalipenda neno hilo kwenye maelezo, lakini kwenye maelekezo shikilia keneli, vijana watakutana nayo kila mahali.

Herufi D mwishoni mwa NFSD, ya neno la Kiingereza daemon, yaani programu inayokaa kimya ikingoja kazi, imewatoa watu jasho. Nimeona tafsiri ya mashine iliyoita programu za namna hiyo "mapepo". Hapa Tanga mtu akisoma kwamba seva yake ina pepo, hatamwita fundi, atamwita mwingine. Mimi hulitumia neno bawabu. Bawabu huketi mlangoni kimya, hana kazi mpaka mtu abishe hodi, na huyu wa NFS mlango wake una namba: 2049.

Sasa kitenzi, kwa sababu najua utakihitaji ukitoka kwenye keneli ukafika kwenye faili la /etc/exports, ambamo seva huorodhesha folda inazozitoa. Jina la faili hilo tafsiri ya mashine italiita "mauzo ya nje", kana kwamba folda zinapakiwa bandarini pamoja na mkonge. Neno ninalokupendekezea ni kufungulia. Jirani mwenye bomba anawafungulia wenzake maji. Bomba linabaki kwake, ndoo ni zao, na akitaka anafunga. Hiyo -li- katikati inafanya kazi kubwa: inamtaka msemaji amtaje anayefunguliwa. Ndivyo faili lile lilivyo, kila mstari unataja folda kwanza, kisha mashine zinazofunguliwa. "Seva inazifungulia mashine za ofisi folda ya picha." Hapo ametajwa anayetoa, kinachotolewa na anayepewa.

Kule kwa mteja, kumaunti ni kupachika. Kuna waliolitafsiri kwa neno la mlima, wakabaki wanapanda folda. Neno letu ni la zamani: mshale hupachikwa kwenye upote, kisu kiunoni. Kitu cha kando kinashikizwa mahali kikawa tayari kutumika, bila kugeuka kuwa sehemu ya mahali hapo. Zaidi ya hayo kinyume chake unakipata bure. Kama ilivyo bandika na bandua, chomeka na chomoa, hapa una pachika na pachua. Tafadhali usiandike "ondoa upachikaji".

Chaguo la root_squash hukuliuliza, lakini utafika tu, nami sitaki ulitafsiri neno kwa neno. Litatoka "ponda mzizi", nayo hiyo ni dawa ya tumbo. Maana yake ni kwamba msimamizi wa mashine ya mteja, mwenye madaraka yote kwake, akifika kwenye seva anavuliwa cheo na kuhesabiwa kama mtu asiyejulikana. Andika "mvue msimamizi cheo", na waambie vijana kwamba kwa kawaida chaguo hili huwa limewashwa hata wasipoliandika. Anayetaka kuliondoa lazima aseme kwa makusudi.

Halafu kuna jambo ambalo kwako ni la ufundi na kwangu ni la uandishi. Katika mstari wa /etc/exports, mashine na mabano yenye ruhusa zake hushikamana: 192.168.1.0/24(rw), yaani anwani za mashine za ofisi, kisha ruhusa ya kusoma na kuandika. Ukiacha nafasi kabla ya mabano, zile mashine ulizozitaja zinabaki na ruhusa za kawaida, na ile ruhusa ya kuandika inamwendea kila mtu mwingine atakayebisha. Vijana wakikuuliza nafasi moja ina uzito gani, waandikie ubaoni "tutakula na wageni", kisha "tutakulana wageni".

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Katika keneli ya seva, washa uwezo wa seva ya NFS. Katika keneli za mashine nyingine, washa uwezo wa mteja wa NFS. Kisha zifungulie mashine hizo folda, nazo ziipachike." Mpelekee mzee aisome. Akiona "nazo ziipachike" ni nzito, mwache aibadilishe, mimi mwenyewe nimeigeuza mara tatu.