Waterloo kwenye meza ya mita 1.8: anzeni na ardhi

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na wenzangu watatu hapa Brussels tunajiandaa kuyarudia mapigano ya Waterloo mezani kwa sanamu ndogo za askari. Meza yetu ina urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2, na askari tulionao ni wa kimo cha milimita 28. Kanuni tunazozifuata zinaruhusu gobore kupiga hadi sentimita 45. Tulipojaribu kuwapanga, batalioni chache tu zilijaza meza. Isitoshe, kila tukicheza, anayeongoza Wafaransa anahamishia nusu ya jeshi upande wa mashariki tangu asubuhi kwa sababu anajua Waprusi watatokea huko kuwasaidia Waingereza. Tunakosea wapi? Tutafute meza kubwa zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, meza mliyonayo inatosha. Kinachowakwamisha ni kwamba mmeanza na askari, mkaja kwenye gobore, ndipo mkataka uwanja uwafuate. Anzeni na ardhi. Ardhi ndiyo itakayowaambia batalioni ikae sentimita ngapi, mzinga ufike wapi, na hata kila mchezaji ana cheo gani katika jeshi lile.

Mstari wa Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao, tarehe 18 Juni 1815, kuanzia shamba la Hougoumont upande wa magharibi hadi Papelotte na vitongoji vya jirani upande wa mashariki, ulikuwa na urefu wa takribani kilomita 4. Ongezeni nafasi ya pembeni wanakotokea Waprusi, mnafika kilomita 5 na kitu. Mkizigawa kwenye mita 1.8, sentimita 1 ya meza inakuwa mita 30 za ardhi. Kwa skeli hiyo upana wa meza unabeba mita 3,600, yaani kuanzia Mont-Saint-Jean hadi kijiji cha Plancenoit. Uwanja wote umeingia.

Sasa waleteni askari. Batalioni ya Kiingereza ya watu 600 ilisimama kwa safu mbili, hivyo mbele yake palikuwa na watu 300. Kila mmoja akichukua kama sentimita 55 za upana, batalioni inatandaa mita 165, ambazo mezani ni sentimita 5 na nusu. Batalioni ya Kifaransa ya watu 500, kwa safu tatu, inatandaa kama mita 90, sawa na sentimita 3. Na gobore lenu la sentimita 45? Kwa skeli hii linapiga mita 1,350. Askari aliyesimama La Belle Alliance, katikati ya Wafaransa, anamwangusha mtu aliye kwenye mwinuko wa Wellington ng'ambo ya bonde. Gobore la enzi zile halikuwa na maana kubwa kupita mita 100, na hizo mezani ni sentimita 3. Ndiyo maana askari wenu wanauana kabla hata hawajashuka bondeni.

Mkishaona hilo, mnajua pia kwamba kwenye mchezo wa uwanja mzima hakuna haja ya kurusha dadu kwa ajili ya magobore peke yake. Kupigana risasi na kuvamiana kwa singe kumo ndani ya sentimita hizo tatu, na kwa zamu ya nusu saa yote mawili yanakwisha. Yafanyeni pambano moja, lenye dadu moja ya matokeo. Mizinga ndiyo ibaki na zamu yake ya kupiga, kwa sababu tufe la chuma lilidhuru hata umbali wa mita 900, sawa na sentimita 30. Lakini punguzeni nguvu yake siku hiyo. Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia mapigano, udongo ulikuwa tope, na matufe ambayo kwa kawaida hudunda na kuendelea kupasua safu za nyuma mengi yaliishia kuzama ardhini.

Kuhusu askari wa milimita 28, wengi wangewashauri muwaache na kuanza upya na wa milimita 6. Kwa kweli wa milimita 6 wanapendeza sana kwenye uwanja mpana, ila mimi nisingetupa kazi mliyokwisha kuipaka rangi. Chukueni vibao vya upana wa sentimita 10, kila kimoja kibebe askari watano au sita, na kibao kimoja kiwe brigedi nzima. Sentimita 10 ni mita 300, nafasi ambayo brigedi ya batalioni nne ingeijaza ikiwa imejipanga kwa mistari miwili. Kati ya makamanda wa Napoleon, d'Erlon wa jeshi la kwanza alikuwa na divisheni nne za miguu zenye brigedi mbili kila moja, hivyo ni vibao 8. Reille alibaki na divisheni tatu, vibao 6. Lobau alikuwa na mbili, vibao 4. Vibao 18 vya askari wa miguu, kabla ya kugusa Walinzi wa Kaizari (kikosi teule cha Napoleon) na wapandafarasi, na meza bado inapumua. Nyumba ziwe ndogo kuliko askari wenyewe: bustani ya Hougoumont yenye ukuta, iliyokuwa na urefu wa kama mita 200 na upana wa mita 100, ikae kwenye sentimita 7 kwa 3 na nusu. Siku ya kwanza mtaona ajabu, baadaye jicho linazoea. Nyumba kubwa iliyolingana na kimo cha askari ingemeza robo ya bonde.

Kama mnapenda kuwaona askari mmoja mmoja, mistari ikikunjuka na mraba wa kujikinga na wapandafarasi ukifungwa, basi chezeni kipande tu. Batalioni ya sanamu 24 kwa safu mbili, kila sanamu ikichukua sentimita 2, inatandaa sentimita 24. Kwa mita 165, hiyo ni sentimita 1 kwa mita 7. Meza nzima inakuwa mita 1,260 kwa 840, ambayo inatosha shambulio la d'Erlon mashariki ya shamba la La Haye Sainte, mradi Wafaransa waanze wakiwa tayari bondeni. Hapo gobore lipige sentimita 14. Hapo pia uamuzi wa kamanda wa batalioni ndio mchezo wenyewe. Mkichanganya ngazi hizo mbili, mchezaji mmoja akawa Napoleon na papo hapo akawa nahodha wa kombania, mchezo hauishi hadi usiku wa manane na hamjafika saa 8 mchana ya Waterloo.

Kwa kuwa mko Brussels, nendeni mkaitembee ardhi yenyewe. Uwanja uko kusini yenu, kama kilomita 20 hivi. Angalieni jambo moja: kilima cha Simba, chenye kimo cha takribani mita 40 na kilichokamilika mwaka 1826, kilijengwa kwa udongo uliochimbwa kwenye mwinuko uleule wa Wellington. Sehemu hiyo leo ni tambarare kuliko walivyoiona Wafaransa. Msipime ukingo wa mwinuko kwa macho mkiwa hapo. Tumieni ramani zinazoonyesha ardhi kabla ya uchimbaji. William Siborne, aliyetengeneza ile sanamu kubwa ya uwanja wa Waterloo yenye askari zaidi ya 70,000, ambayo iko National Army Museum, London, aliishi miezi kadhaa katika shamba la La Haye Sainte akipima mashamba, vichaka na njia kabla ya kusimamisha askari hata mmoja.

Mwinuko huo nausisitiza kwa sababu ndio unaoeleza kisa ambacho wachezaji wengi hukiona ni ujinga: Ney, jemadari wa Napoleon, kuwatuma maelfu ya wapandafarasi, kama saa 10 alasiri, dhidi ya askari wa miguu ambao hawajavunjika. Mezani hakuna anayefanya hivyo, kwani miraba anaiona. Ney hakuiona. Wellington aliwalaza watu wake kwenye mteremko wa nyuma, na kilichoonekana kutoka bondeni ni moshi, majeruhi na magari yakirudi nyuma. Basi vibao vya Wellington vilivyo nyuma ya ukingo visiwekwe mezani kabisa. Mwamuzi aviandike kwenye ramani yake, na viwekwe tu pale Mfaransa anapoukanyaga ukingo. Mtashangaa jinsi mchezaji makini anavyoanza kufanya yaleyale aliyoyafanya Ney.

Hapo tunafika kwa Waprusi. Mchezaji wenu anajua mno, ni kweli, ila msifikiri Napoleon hakujua lolote. Kama saa 7 mchana, kabla d'Erlon hajateremka, askari walionekana upande wa Chapelle-Saint-Lambert, na mateka wa Kiprusi aliyekamatwa na barua alithibitisha kwamba jeshi la Bülow liko njiani. Napoleon alipeleka wapandafarasi wa Domon na Subervie upande huo, na Lobau akafuata. Asichokijua ni saa ngapi watafika, wangapi, na kama Grouchy, jemadari mwingine wa Napoleon aliyekuwa na watu kama 33,000 upande wa mji wa Wavre, angetokea nyuma yao. Hicho ndicho cha kumficha mchezaji. Kuwepo kwa Waprusi kusifichwe.

Mwamuzi aandae bahasha tatu za kuwasili kwa makamanda watatu wa Kiprusi. Ya Bülow ifunguliwe kwa dadu kuanzia saa 9 alasiri. Kihistoria alitoka msituni na kushambulia kama saa 10 na nusu, lakini barabara kutoka Wavre zilikuwa tope na vichochoro, angeweza kuchelewa hadi jioni. Ya Pirch imfuate Bülow, isimtangulie kamwe. Ya Zieten ndiyo tamu zaidi. Alikaribia ubavu wa kushoto wa Wellington kama saa 1 jioni, akapata amri ya kwenda kumsaidia Bülow, akageuza, hadi Müffling, afisa wa Kiprusi aliyekuwa pamoja na Wellington, alipomfuata na kumrudisha. Kwa hiyo dadu ya Zieten isiamue saa tu. Iamue pia anaingilia upande gani. Kisha ongezeni uwezekano mdogo, mara moja katika sita, kwamba askari wanaotokea mashariki ni wa Grouchy. Vibao vyote vinavyotoka huko viingie vimefunikwa, na vingine viwe vitupu. Mfaransa akipeleka nusu ya jeshi mashariki asubuhi, anakuwa kama mcheza karata aliyetupa turufu yake kwa kukisia.

Müffling huyohuyo, akiwa mnadhimu mkuu wa jeshi la Prussia mwaka 1824, ndiye aliyeona mchezo wa kivita wa Luteni von Reisswitz na kuupendekeza kwa jeshi zima. Mchezo ule ulichezwa juu ya ramani ya skeli ya 1:8000, pande mbili zikimwandikia mwamuzi amri na kuona kile tu ambacho majeshi yao yangeona. Ninawaomba muige hilo. Mko wanne: mmoja awe mwamuzi, mmoja Napoleon, mmoja Wellington, wa nne Blücher, mkuu wa Waprusi, akae chumba kingine na ramani yake hadi askari wake watakapoonekana.

Neno juu ya ubora wa askari. Kanuni nyingi huwapa Waholanzi na Wabelgiji alama za chini, na hilo naliona ni uonevu. Siku mbili kabla, huko Quatre Bras, divisheni yao chini ya Perponcher ndiyo iliyoshikilia njia panda kwa saa nyingi kabla msaada haujafika, na jioni ya Waterloo brigedi yao ya Detmers kutoka divisheni ya Chassé ilikuwa miongoni mwa waliowarudisha nyuma Walinzi wa Kaizari. Toeni alama kwa kuangalia nani ni askari mzoefu na nani wa mgambo aliyeitwa juzi. Utaifa uacheni.

Muda nao una skeli. Kuanzia saa 5 na nusu asubuhi hadi saa 3 usiku ni zamu 19 za nusu saa. Askari wa miguu kwenye tope wasogee sentimita 30, pungufu wakiwa ndani ya sentimita 10 za adui. Mfaransa ashinde akiwa amekata barabara ya Brussels pale Mont-Saint-Jean kabla ya zamu ya 17, na Plancenoit bado iko mikononi mwake. Plancenoit ikipotea mapema, barabara yake ya kurudi Charleroi imefungwa, na hata akiwa amefika kwenye mwinuko, mwamuzi ahesabu kwamba jeshi lake halina njia ya kutokea. Kabla ya siku yenyewe, jaribuni zamu tano za Plancenoit peke yake kwenye kona ya meza: Bülow dhidi ya Lobau, kisha Walinzi Vijana wa Kaizari waje kumsaidia Lobau. Hapo ndipo mtajua kama dadu zenu za pambano ni kali mno au ni legevu, mzirekebishe mapema.