Programu Ikigoma Kujengeka, Uliza Kwanza Umri wa Maktaba Zake

Wadogo zangu mnaokuja mafunzo kwa vitendo hapa Dodoma, kuna kosa moja linalowamalizia siku nzima kila mwaka, na linaniuma kwa sababu hamjafundishwa kulisoma.

Juzi kijana mmoja aliniita mezani kwake. Alikuwa ameshinda na mradi wa C++ tangu asubuhi, na skrini inarudia jambo lile lile: undefined reference (yaani fanksheni inayoitwa haijapatikana), kisha jina refu la fanksheni. "Kaka, hii fanksheni ipo. Nimeiona mwenyewe kwenye maktaba." Alikuwa anasema kweli: maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu huazima, ilikuwa nayo.

Nikamwambia alisome lile jina taratibu, asiliruke. Katikati yake kulikuwa na __cxx11. Tukaifungua maktaba ya zamani tuliyorithi kwa amri ya nm -C, inayoorodhesha majina yaliyomo, tukaitafuta fanksheni ile ile. Ipo, jina ni hilo hilo, ila __cxx11 haimo. Ugonjwa ulikuwa hapo. GCC 5, toleo la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) lililotoka mwaka 2015, ilibadilisha namna std::string na std::list zinavyopangwa kwenye kumbukumbu, na majina ya ndani yakabadilishwa makusudi ili vya kale na vipya visichanganywe. Maktaba yetu ilikompailiwa kwa mpangilio wa kale, msimbo wa kijana kwa mpangilio mpya. Kwa linka, programu inayounganisha vipande hivyo, hizo ni fanksheni mbili tofauti kabisa, na ni heri ikatae mapema. Ingekubali, programu ingekuja kuanguka ikiwa tayari mikononi mwa watumiaji.

Kwa hiyo msiguse msimbo wenu. Ijengeni upya ile maktaba kwa kompaila mnayoitumia. Kama chanzo chake hakipatikani, wekeni -D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0, inayorudisha mpangilio wa kale, kwenye mradi wenu wote; mkiiweka kwenye faili moja mkaacha nyingine, mmehamisha tatizo tu. Na kabla ya kujaribu tena futeni folda ya bildi, kwa kuwa CMakeCache.txt, faili ya kumbukumbu ya CMake inayopanga ujenzi, hukumbuka kompaila ya mwanzo hata kama mmeshaibadilisha.

Kosa la pili ni ndugu yake. Programu imejengeka vizuri kwenye laptopu yenye Ubuntu 22.04, ikifika kwenye seva ya 20.04 inasema GLIBC_2.34 not found. Laptopu ina toleo la 2.35 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, seva ina 2.31. Iliyojengwa kwenye mashine ya zamani kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwenye mpya, lakini kinyume chake msikitegemee. Jengeni kwenye mfumo unaolingana na seva, au ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mashine) ya toleo hilo.

Ninachowaomba sana: msichukue libc (ndiyo hiyo glibc) wala libstdc++ (maktaba ya C++) kwa rafiki na kuibandika juu ya ile ya mfumo. Nilifanya hivyo nilipokuwa napanga chumba Makole. Nilipobadilisha libc, hata ls ilikataa, maana karibu kila amri inaitegemea. Nilikesha nikipakua mfumo mzima upya kwa bando la simu, na kazi ya watu ilitakiwa asubuhi. Ujumbe wa not found unakueleza programu inahitaji toleo gani ambalo mashine haina, hauombi faili.

Wanaotumia Conda, kisimamizi cha vifurushi vya programu, wawe macho zaidi. Inakuja na libstdc++ yake, na mara nyingi kompaila ni ya mfumo huku programu inasoma maktaba ya Conda. Amri ya ldd itawaonyesha njia kamili ya kila maktaba inayopakiwa. Mkiona njia msiyoitarajia, angalieni LD_LIBRARY_PATH, orodha ya folda ambamo maktaba hutafutwa, kabla ya kitu kingine chochote.

Ukikwama kabisa, njoo mezani kwangu saa yoyote, ila njoo na vitu vitatu: jibu la gcc --version kutoka mashine uliyojengea, jibu la ldd kutoka mashine inayogoma, na mstari wa kwanza wa kosa. Wa kwanza, si wa mwisho.