Baiskeli ndiyo iliyokuwa nauli yao

Swali la wiki: baiskeli ilikuwa na kazi gani katika safari za mwanzo za kupanda milima? Kwanza tuwaondoe matajiri wa Kiingereza waliopanda Alps, milima mirefu ya Ulaya, karne ya 19. Hao walikuwa na treni, nyumbu na waongozaji wa kulipwa. Baiskeli ilikuwa chombo cha vijana wa Ujerumani na Austria baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi hawana ajira: ujuzi wanao, nguvu wanazo, nauli hawana.

Mwaka 1931 Franz na Toni Schmid, mtu na ndugu yake, walitoka Munich kwa baiskeli mpaka Zermatt, mji wa Uswisi, wakapanda ukuta wa kaskazini wa mlima Matterhorn (mita 4,478) ambao hakuna aliyekuwa ameumaliza. Walifika kileleni Agosti 1. Nyumbani walirudi vilevile, kwa baiskeli.

Safari ya namna hiyo huamuliwa na ufungaji wa mzigo. Hema, nyundo, misumari ya mwambani na kamba vikirundikwa juu ya keria, spoki za nyuma hukatika, na kwenye mlima mkali gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani unayumba. Aliyewahi kubeba gunia la mkaa anajua. Vyuma hukaa chini, pande zote mbili za gurudumu. Kamba juu, ndani ya turubai. Nailoni haikuwapo, na kamba ya nyuzi za mmea ikilowa huwa nzito, ngumu, na huoza. Buti za njumu hufungwa kwenye mzigo, maana njumu huteleza kwenye pedeli.

Kuteremka ndiko kwenye hatari zaidi. Baiskeli nyingi za Ujerumani zilikuwa na breki ndani ya habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu), ya kukanyaga pedeli kinyume. Kwenye mteremko mrefu habu hupata moto, grisi inayeyuka na kutoka, breki haishiki tena. Dawa ni kusimama mapema, kabla habu haijaunguza kidole, na kuiacha ipoe. Wengine walikokota tawi la mti nyuma ya baiskeli, na lilisaidia kweli.

Ila kinachosahaulika zaidi ni uchovu wa kurudi. Mwaka 1952 Hermann Buhl, mpanda milima wa Austria, alitoka Landeck, mji wa huko kwao, kwa baiskeli, akapanda peke yake ukuta wa kaskazini-mashariki wa Piz Badile, mlima wa mpakani mwa Uswisi na Italia, kwa takriban saa nne na nusu. Akiwa ametoka mwambani, bado alikuwa na mwinuko wa karibu mita 1,000 kufika Maloja, njia ya juu ya mlimani huko Uswisi, kisha mteremko mrefu kando ya mto Inn. Alisinzia akiwa juu ya baiskeli, akatumbukia mtoni. Alipona. Anayetaka kurudia safari hizi leo atenge usiku mzima wa kulala bondeni kabla ya kushika usukani, hata kama hali ya hewa ni nzuri na miguu inamwambia aendelee.