Kama umemaliza chuo mwaka mbaya, usigande kwenye kazi ya kwanza

Mimi nilimaliza 2020, hapa Mombasa, mwaka ambao uchumi wa Kenya ulirudi nyuma asilimia 0.3 na hoteli nyingi za Pwani zikafungwa, na chuo changu si vile vinavyojulikana na kila mtu. Nikapata ukarani kwa kampuni ndogo ya kuklia mizigo, yaani kuitoa forodhani, mshahara wacha tu. Rafiki yangu aliyesoma chuo kikubwa Nairobi naye alianza hivyo hivyo, pesa kidogo, lakini mambo yalipofunguka akaitwa benki akaenda zake, mimi simu kimya.

Hiyo si bahati tu jamani. Watafiti wa uchumi Oreopoulos, von Wachter na Heisz walifuatilia mapato ya kati ya 1982 na 1999 ya wanaume waliomaliza vyuo Kanada, utafiti ukatoka 2012. Ukimaliza wakati uchumi umedorora unaanza na mapato ya chini kama asilimia 9, pengo linapungua nusu baada ya miaka 5 hivi, mpaka miaka 10 limekaribia kuisha. Lakini huo ni wastani! Waliotoka vyuo na kozi zinazolipa wanapona haraka, wale wa chini wengine hawapati tena walichokipoteza, na tofauti kubwa ni kuhama, yaani wakati mgumu watu wanaangukia kampuni zinazolipa kidogo, halafu wenye vyeti vya nguvu wanatoka mapema, wengine wanabaki pale pale hadi wanazoea.

Kanada si Kenya, ila hilo la kuhama nimeliona kwa macho yangu. Kwa hivyo anza kutuma maombi mapema, hata kama bosi ni mtu mzuri, hata ukiongezwa elfu mbili. Kama jina la chuo halikufungulii mlango, tafuta watu walioiona kazi yako: mimi nilijifunza mfumo wa forodha mpaka wateja wa kampuni kubwa wakawa wananiulizia mimi, na mmoja wao ndiye aliyeniambia kuna nafasi kwao. Na kwa intavyu wakikuuliza unataka ngapi, usipime na hicho unacholipwa sasa, ulizia kwanza wenye kazi kama hiyo wanalipwaje.

Wazazi nao, nawaomba, mtoto akisema anataka kuhama baada ya mwaka mmoja msimwambie hana shukrani.